Ndani Wapi?

Mzee Machogu alilikata yai lake katikati kwa uzi, kama alivyofanya kila asubuhi tangu atoke hospitali, akalitazama. Akalisogeza karibu na macho. Halafu akaita.

"Mokamwana!"

Mokeira alikuwa jikoni anapuliza moto, mtoto mgongoni. Aliposikia mkwewe anamwita hivyo, mke wa mwana, kwa sauti ile, alijua mambo yameharibika. Alitoka akifuta mikono kwenye leso, akasimama mbali kidogo na kiti cha mzee, macho chini.

"Naam, Tata," aliitika, yaani baba.

"Kiini hiki ni cheupe."

"Ee, Tata."

"Usiniambie ee. Mayai ya kuku alioniletea binti yangu Sheila kiini chake ni cha manjano kabisa, hadi unaona raha. Hili ni la gredi. Hili limetoka dukani. Sasa nieleze, mayai ya kuku wangu yamekwenda wapi mpaka mimi nilishwe la dukani?"

Kuna watu waliozaliwa na macho makali, na kuna waliopewa macho hayo na kazi. Mzee Machogu alikuwa amelinda lango la kiwanda cha majani chai kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kazi yenyewe ilikuwa kupekua. Alipekua mikoba, vikapu, masweta, hata mitungi ya uji. Marehemu mkewe alikuwa akimtania kwamba hata Bibilia hasomi, anaipekua. Amestaafu, lango ameliacha, lakini mkono wa kupekua alirudi nao nyumbani.

"Yule mwekundu mkubwa analalia mayai, Tata," Mokeira alisema. "Na wale wawili wanapukutisha manyoya, hawatagi. Unawaona walivyo uchi shingoni."

"Analalia wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

Mokeira alimrekebisha mtoto mgongoni ingawa mtoto hakuwa ameteleza. Mzee alimtazama jinsi alivyozoea kumtazama mtu aliyefika langoni na kikapu kizito kuliko kawaida. Akalisukuma lile yai pembeni ya sahani, hakulila.

"Haya," alisema. "Rudi jikoni."

*

Kuku alikuwa chini ya kitanda. Basi, hiyo ndiyo siri yote, hakuna nyingine. Chini ya kitanda cha Mokeira na mumewe Eric, upande wa ukutani, kwenye gunia kuukuu ambalo Eric huhifadhi viatu.

Mgeni atasema: si amwambie tu? Mgeni na aseme, yeye halali huku. Kwa Wakisii baba hakanyagi nyumba ya mwanawe akishaoa. Atasimama uani aite, atapewa kiti nje, mvua ikinyesha atakimbilia kwake. Na yale ya chumbani hayatajwi kati yake na mke wa mwanawe, wala kati yake na mwanawe mwenyewe. Hiyo ndiyo ensoni, aibu yenye heshima ndani yake, na Mokeira alilelewa nayo vizuri kule kwao. Kutamka "kitanda chetu" mbele ya baba mkwe lilikuwa jambo ambalo ulimi wake usingelifanya hata kwa kuchapwa. Hata kusema "chumbani" tu, mtu atajua chumbani kuna nini.

Kuku wenyewe walikuja na Sheila, dada yake Eric, anayefanya kazi ya ofisi mjini Nyamira. Daktari alikuwa amesema mzee ale yai kila siku ili kidonda cha operesheni kipone vizuri, Sheila akanunua kuku watatu wa mbegu mpya, wekundu, wanene. Banda la mzee lilikuwa limeshaingiliwa na kicheche, kwa hiyo kuku wakawekwa kwa Mokeira: usiku chini ya tenga sebuleni, mchana mlango wazi, waingie na kutoka, wachanganyike na jogoo wa jirani. Mwanzoni mayai yalipatikana kwenye boksi kila siku. Halafu ghafla boksi likawa tupu.

Na hapa Mokeira naye asisingizie utakatifu. Boksi lilipokuwa tupu, mtu wa kwanza aliyemshuku ni mzee. Aliwaza, huyu babu anapita uani mimi nikiwa shambani nachuma chai, anajichukulia, halafu anakuja kuniuliza. Alikaa na wazo hilo siku kadhaa, akimwandalia uji na kumtazama midomo. Mpaka siku aliyoinama kufagia uvunguni, kitu kikamngurumia.

Kuku alikuwa amejibana chini kama chapati, manyoya yamemsimama, macho hayapepesi. Mokeira alipompelekea mkono alidonolewa hadi damu ikatoka. Alipomwinua alikuta lundo: mayai yake na ya wenzake, maana walikuwa wamemfuata wakitaga pale pale, naye anayavuta kwa mdomo na kuyafunika. Kifuani alikuwa amejinyonyoa manyoya hadi ngozi tupu, na ngozi yenyewe ilikuwa ya moto.

"Yaye! Wewe ndiye mwizi," Mokeira alimwambia, akacheka peke yake.

Alichukua yai moja ampikie mzee. Alipolivunja akaona mishipa ya damu, myembamba, imeshaanza kutambaa. Akalitupa haraka. Mayai yale hayakuwa ya kuliwa tena.

Alijaribu kumvunja nguvu. Alimtoa, akamlowesha tumbo kwa maji baridi, akamfunika na tenga mahali pasipo na majani. Kuku alilia mchana kutwa. Alipofunguliwa alikimbia moja kwa moja uvunguni, na kwa kuwa mayai yalikuwa yameondolewa, akalalia kiatu cha Eric. Mokeira alijaribu kumhamishia jikoni na mayai yake yote, giza likiwa limeingia kama wanavyosema wajuzi. Kulipokucha kuku alikuwa amerudi uvunguni. Mokeira akayarudisha mayai, akanyoosha mikono.

"Basi lalia," alisema. "Tutapata vifaranga."

Kilichobaki ni yai la mzee. Na Mokeira, badala ya kusema ukweli nusu na kuachia Mungu hiyo nusu nyingine, alienda kwa Masese, mwenye kibanda pale njia panda, akanunua mayai ya gredi. Aliyachemsha akinyamaza. Alidhani yai ni yai.

*

Mzee Machogu alimpigia Sheila simu akiwa uani, na kwa kuwa husikia vizuri kwa sikio moja tu, aliifungulia simu sauti hadi jirani wakashiriki.

"Baba, hao kuku hawalalii mayai," Sheila alisema kutoka Nyamira. "Aliyeniuzia aliniapia. Ni mbegu ya kutaga tu, kulalia wametolewa kabisa. Kama hakuna mayai, basi kuna mtu."

"Kuna mtu," mzee alirudia, polepole.

Mokeira alikuwa akianika nguo hatua chache kutoka hapo. Alisikia yote. Alitaka kusema "njoo uone, Sheila," lakini Sheila alikuwa tayari anamwambia babake ana mkutano.

Alijaribu njia nyingine. Yule kuku alipotoka kunywa maji, mara yake moja ya siku, akakimbia uani amejitutumua manyoya, akaacha kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya, akadonoa mtama kwa pupa, Mokeira alimwonyesha mzee kwa kidole.

"Tata, mtazame. Kuku anayelalia ndivyo alivyo."

"Naona kuku mwenye njaa," mzee alijibu. "Mayai anayolalia yako wapi? Yalete hapa niyaone."

Asubuhi ilikuwa na ukungu, baridi ya kukata masikio. Mayai yangepoa. Mokeira akasema hayatoki nje, yataharibika. Mzee akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyepata jibu alilotarajia. Kuku akamaliza kunywa, akarudi ndani mbio. Mzee alimfuata kwa macho hadi kizingitini, na macho yakakomea hapo kwa sababu hayakuruhusiwa kuendelea.

Siku ya pili yake alimsimamisha Mokeira njiani. Wanawake walikuwa wanateremka pamoja kwenda kituo cha kupimia majani chai, vikapu mgongoni, wakipiga soga. Mzee alitokea kwenye migomba.

"Tua kikapu," alisema.

"Tata?"

"Nimesema tua."

Wenzake wakasimama. Mokeira alikitua kikapu. Mzee alipiga goti kwa shida, akatumbukiza mkono kwenye majani mabichi, akapapasa chini, akapapasa kandokando, akageuza majani yaliyochumwa tangu alfajiri. Majani mengine yakamwagika kwenye matope. Hakupata kitu. Alisimama akijifuta, hakusema pole wala hakusema endelea, akarudi kwenye migomba.

"Kwani anatafuta nini?" Bitutu, jirani yake, alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mayai."

Mmoja kati ya wale wanawake alicheka kabla hajajizuia. Mokeira alipiga magoti akaanza kuokota majani yake moja moja kwenye matope. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa michafu. Aliona aibu hadi kwenye mifupa. Aliolewa kwa heshima, hajawahi kuchukua hata chumvi ya mtu, na leo amepekuliwa njiani na baba mkwe, mbele za watu, kama mwizi wa kiwandani.

Jioni ile ile mzee aliwaita watu. Alimwomba Nyamongo, mzee wa kijiji, aje Jumapili. Alimpigia simu Omwenga, kaka yake Mokeira, naye aje Jumapili. Maneno yake yalikuwa machache: dada yako anauza mayai ya mgonjwa kwa Masese, nilimwona kwa macho yangu akitoka pale amefunika kitu kwa leso. Kama ni kweli, utamrudisha kwenu mkamfunze upya, halafu ndiyo tuzungumze.

Mokeira alijua maana yake. Mwanamke anaweza kurudi kwao kwa sababu nyingi akapokelewa. Akirudi na jina la mwizi wa mayai, mtoto mgongoni, jina hilo ndilo litakalomtangulia kanisani, sokoni, popote.

*

Eric hufanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi huko Keroka, hurudi nyumbani Ijumaa kabla jua halijazama, maana wao ni watu wa Sabato. Wiki tatu alikuwa hajaja, duka lilikuwa na kazi. Ijumaa hii alikuja. Alikuwa ameshapigiwa simu na babake, na aliingia bila kumsalimu hata mtoto.

"Masese ni nani wako?" aliuliza.

Mokeira alimtazama. "Hata wewe?"

"Nimeuliza swali."

"Inama," Mokeira alisema.

"Niiname nini?"

"Ingia pale ndani, uiname, uangalie kitanda chako kina nini. Halafu uniulize tena habari ya Masese."

Eric aliingia, akainama, akawasha tochi ya simu. Kilichofuata ni mngurumo, mdomo, na mwanamume mzima akirudi nyuma hadi akagonga kichwa ukutani. Kwanza alicheka. Halafu alitoka sebuleni, akamwona mkewe alivyosimama, kicheko kikamkauka.

"Amekupekua kweli? Njiani?"

"Mbele ya akina Bitutu."

Eric alitoka nje kwa hasira. Pale dukani yeye ndiye anayetumwa kubishana na madereva wa malori ya saruji, hashindwi. Alivuka ua, akamkuta babake mlangoni mwake.

"Tata, hakuna mwizi hapa. Kuku analalia. Nimemwona sasa hivi, yeye na mayai."

"Umewaona wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi, Eric?"

Eric alifungua mdomo. Aliangalia viatu vyake. Aliangalia paa la nyumba ya babake, kana kwamba limeanza kuvuja.

"Huko ndani," alisema.

Mzee alimtazama mwanawe muda mrefu, na safari hii uso wake ulionyesha huzuni ya kweli. "Sikujua," alisema. "Nilidhani ni yeye tu. Sikujua mnafanya pamoja."

Eric alirudi kwake. Mokeira alikuwa amesimama mlangoni, anamngoja.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yupo."

"Umemwambia yuko wapi?"

"Wewe ungemwambia?"

"Mimi ni mke wa mtu. Wewe ni mwanawe."

"Ndiyo maana," Eric alisema.

Walitazamana. Kulikuwa na mtu mmoja tu katika boma lile ambaye angeweza kumwambia mzee kila kitu bila aibu yoyote, kwa maana mjukuu na babu hawana ensoni, hutaniana watakavyo. Mjukuu mwenyewe, Linet, alikuwa anatambaa sakafuni na kujaribu kula ndala. Hajajua kusema hata "maji".

"Jumapili utaniacha niende?" Mokeira aliuliza.

Eric hakujibu upesi, na Mokeira aliweka kimya hicho moyoni.

*

Jumapili asubuhi Eric alikwenda stendi kumpokea Omwenga na kununua mkate. Mokeira alimfunga mtoto mgongoni, akachukua mtungi, akateremka chemchemini kuteka maji ya chai ya wageni. Aliurudishia mlango, hakuufunga. Nani afunge mlango mchana, na ndani hakuna cha kuibwa?

Mzee Machogu aliwaona wote wakiondoka. Alikuwa ameketi na kofia yake ya sufu, ile ya kazini, aliyopewa alipostaafu na ambayo kijiji kizima kinaijua. Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja: watu wanakuja, na yeye hana ushahidi. Ana kiini cheupe tu, na hicho alikuwa amempa mbwa. Akiwa langoni hakuwahi kumshtaki mtu mikono mitupu.

Alivuka ua taratibu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Alifika kwenye kizingiti cha nyumba aliyomsaidia mwanawe kuijenga, nyumba ambayo tangu iingie mke hakuwahi kuikanyaga. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Akaingia.

Alipekua sebule: tenga, boksi tupu, chini ya makochi, nyuma ya kabati. Hakuna yai. Pazia la chumbani lilikuwa limefungwa nusu. Angeweza kuishia hapo, akatoka, akabaki na heshima yake yote. Lakini mtu aliyezoea kupekua hawezi kuacha mfuko mmoja. Alilisukuma pazia, akapiga goti kando ya kitanda cha mwanawe, akatumbukiza mkono uvunguni, akapapasa.

Kuku alimpata mkononi kwanza, halafu shavuni alipoinama kutazama. Mzee alipiga kelele, akajigonga kwenye mbao za kitanda, mkono ukadondoka juu ya mayai, mawili yakapasuka. Harufu ikatoka, na ndani ya moja kitu kidogo chenye macho makubwa kilijikunja na kutulia. Mzee alikiona. Aliona kifua cha kuku kilivyo uchi. Aliona gunia, viatu vya Eric, na kitambaa cha kichwa cha Mokeira kimening'inia ukingoni mwa kitanda karibu na pua yake, na hapo ndipo akili ilipomrudia akaelewa ni wapi alipo, na kwa nini hakuna aliyeweza kumwambia.

Alitoka karibu kwa kutambaa. Alikimbia kwake mkono kifuani, akajifungia ndani. Alikuwa amekaa muda juu ya kitanda chake, akipumua, ndipo alipojishika kichwa na kugundua kofia haipo.

*

Mokeira aliikuta kofia uvunguni, imezama kwenye ute na damu ya yai. Kuku alikuwa amerudi na kuyafunika yaliyobaki, ananguruma bado.

Alikaa sakafuni na ile kofia mapajani. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa jema. Aliwaza kuipeleka vile vile ilivyo mbele ya Nyamongo, aiweke mezani katikati ya vikombe, aseme, ulizeni hii imetoka wapi. Baba mkwe aliyeingia chumbani kwa mwanawe! Hakuna ambaye angeuliza tena habari ya mayai. Mzee asingeinua uso hapa kijijini Sironga hadi azikwe. Alimwona akipapasa kwenye majani yake, aliona matope, akasikia kile kicheko. Alitamani sana kufanya hivyo.

Halafu alisikia sauti ya Eric na ya kaka yake huko njiani, wanakuja. Alisimama, akachukua beseni na sabuni, akaifua kofia uani haraka haraka. Akaikamua, akaitundika kwenye kamba ya nguo, katikati ya nepi za Linet na kanga zake mwenyewe, mahali ambapo kila atakayeketi uani ataiona.

Viti vilipangwa. Nyamongo alikuja na fimbo yake, Omwenga akaketi amekunja uso, Eric akasimama. Mzee Machogu alitoka mwisho, kichwa wazi, nywele nyeupe chache zimesimama, mkono wa kulia ameuficha mfukoni na shavuni ana alama nyekundu.

"Leo huna kofia, omogaka, mzee mwenzangu," Nyamongo alisema. "Baridi itakuua."

"Sijui nimeiweka wapi."

"Si ile pale kwenye kamba?"

Mzee aligeuka. Kofia ilikuwa inachuruzika maji, tone, tone. Alimtazama Mokeira, na Mokeira, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakuteremsha macho.

Mzee alikohoa. "Kwa kweli," alianza, "nimewasumbua bure. Haya mambo yamekwisha. Chai ipo, kunyweni chai, tuzungumze mengine."

Nyamongo alionekana kufurahi, akanyoosha mkono kwenye mkate. Eric alishusha pumzi. Omwenga akafungua kinywa aulize, akakifunga. Ingeweza kuishia hapo, kama zinavyoishia kesi nyingi: aliyeshtaki anakunywa chai, aliyeshtakiwa anaimimina.

"Yamekwisha vipi, Tata?" Mokeira aliuliza.

"Mokeira," Eric alinong'ona.

"Nimeuliza kwa heshima. Nimepekuliwa njiani watu wakiona. Kaka yangu ametolewa kwake aje anichukue. Sasa mbele yake nataka kujua. Mimi ni mwizi, ama si mwizi?"

Hakuna aliyegusa chai.

"Si mwizi," mzee alisema, chini sana.

"Nani amesikia?" Omwenga aliuliza. "Mimi sijasikia."

"Si mwizi!" Mzee alipaza sauti hadi akashika kidonda chake cha tumbo. "Kuku analalia. Mayai yapo. Nimeyaona kwa macho yangu, yana vifaranga. Nilimkosea mtoto wa watu."

Nyamongo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini naye ni mzee wa kijiji, na mzee wa kijiji lazima amalize kesi vizuri.

"Vyema. Umeyaona wapi?"

"Ndani," Mzee Machogu alijibu, neno likamtoka kabla hajalishika.

"Ndani wapi?"

Ukimya ulianguka. Mokeira aliujua ukimya ule. Ameishi ndani yake siku zote hizi. Alimwona mkwewe akifungua mdomo na kuufunga, akiangalia viatu vyake, akiangalia paa. Alimwona anavyozeeka pale pale kitini. Mkono wake ulikuwa umetoka mfukoni, una kidonda cha kudonolewa, na haujui uende wapi. Mokeira aliuacha ukimya ukae. Aliuacha hadi Nyamongo akageuza kichwa kumtazama mzee vizuri, na akaanza kuona ile alama ya shavuni.

"Ndani ya ungo," Mokeira alisema.

Wote wakamgeukia.

"Asubuhi nilimtolea mayai nje kwenye ungo, nimeyafunika na leso. Tata akayaona. Kuku akatoka nyuma yangu kwa hasira, akamdonoa, ndiyo hiyo alama. Kofia ikaanguka kwenye matope, nikaifua."

"Aa," Nyamongo alisema. "Kuku mwenye mayai ni mkali." Akachovya mkate kwenye chai. Omwenga akaanza kula. Eric alikuwa anamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, na Mokeira hakumtazama.

*

Jumatatu ilikuwa na jua kidogo. Mokeira alikwenda kwa Masese mchana kweupe, bila leso, akarudi na mayai kwenye trei, watu wakimwona. Alichemsha moja. Alilipeleka kwa mkwewe na uji, akaliweka kwenye stuli, na kando yake akaiweka kofia, imekauka, imekunjwa.

Mzee Machogu aliivaa kofia. Alichukua uzi wake, akalikata yai katikati. Mokeira alisimama mbali kidogo, macho chini, akingoja.

Kiini kilikuwa cheupe. Mzee alikiona, akalila lote.